Mvumo wa Seif: Kwa Miguu Kutoka Malindi Hadi Muyuni

Tangu nirudi, wenzangu wa kliniki hawaniachi ninywe chai kwa raha. Mmoja anauliza kama ni kweli tulitembea kwa miguu mpaka Muyuni. Mwengine anauliza habari za pangoni, na akishauliza hutazama pembeni, kana kwamba jibu litamfuata nyumbani kwake. Nimeona bora niandike yote mara moja ili kila mtu asome kwa wakati wake. Yale ninayoweza kuyaeleza nitayaeleza. Yaliyobaki nitayaacha kama nilivyoyaona.

Malindi mpaka Kikwajuni

Seif ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Ami yetu alimchukua Ulaya angali mtoto. Akakulia huko, akasomea mitambo, akawa raia wa huko, na mwisho akaingia jeshi la majini la nchi hiyo. Kazi yake ni ndani ya nyambizi, meli inayozama kwa makusudi na kukaa chini ya maji miezi, watu wazima wamefungiwa ndani bila ya jua wala upepo.

Nilimpokea Malindi, bandari ya kisiwa chetu, penye boti za Dar es Salaam. Abiria walishuka wakigombana na mizigo yao, wachukuzi wakayavamia mabegi, watu wakapungua getini, na Seif hakuonekana. Alitoka wa mwisho kabisa, miwani nyeusi usoni, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alisafiri chini kabisa ya boti, kwenye kiti kisichokuwa na dirisha.

Nilipomkumbatia ngozi yake ilikuwa baridi, na rangi yake ya mshumaa. Na kifuani mwake kulikuwa kunavuma.

"Seif, unaimba?"

"Mimi? Siimbi, Da Salma."

Lakini mvumo ulikuwepo. Ulikuwa wa chini, mdomo umefumbwa, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Alikuwa akivuma bila ya kujijua.

Tulikaa kwenye kibaraza cha duka, akanieleza kilichomleta. Daktari wa chombo chao amewapima mabaharia sukari ya damu, na ya kwake imepanda. Bado si kisukari, lakini imefika mlangoni. Likizo ikimalizika atapimwa tena kabla ya kula chochote. Isiposhuka, hazami tena.

"Si watakupa kazi nyengine nchi kavu?"

"Da Salma, mimi nchi kavu sijui hata kulala."

Alilisema hilo taratibu kabisa, na ndilo lililonitisha.

Mnanijua. Mtu akinitajia sukari siwezi kunyamaza. Nikamwonesha bandari iliyokuwa mbele yetu. Nikamwambia: chukulia hilo gati ndiyo damu yako, na magunia yanayoshushwa ndiyo sukari inayotoka kwenye chakula. Maghala ni misuli na ini. Insulini ni karani anayefungua maghala. Ukitumia misuli, ghala lina nafasi na karani hana tabu. Ukikaa tu, ghala hujaa, karani hugonga milango hapa na pale mpaka achoke, na magunia yanarundikana gatini. Hiyo ndiyo sukari iliyopanda.

"Sasa sisi tunashusha magunia saa zote," akasema. Akanieleza kuwa kule hufanya kazi kwa zamu fupi, hulala vipande vipande, na siku yao haifuati jua. Mboga mbichi humalizika mapema, kisha ni vya kopo, na biskuti za kumweka mtu macho. Pa kutembea hapana. Kitanda hupokezana, unaingia mwenzako akitoka, na godoro bado lina joto lake.

"Ndiyo hivyo," nikamwambia. "Karani naye ana saa zake za kulala. Ukishusha magunia yeye yumo usingizini, nani atafungua? Lakini usivunjike moyo. Aliye mlangoni bado anaweza kurudi nyuma."

Hapo ndipo nilipopata wazo la kutembea. Seif alikuwa anataka kwenda Muyuni, kijiji cha kusini ya kisiwa, kumwona Bi Mize, aliyemlea alipokuwa mchanga na mama yetu mgonjwa. Nikasema tutakwenda, lakini kwa miguu, kidogo kidogo, tukilala njiani, na kila asubuhi nitampima. Misuli itakuwa kazini na jua litaufundisha mwili wake saa upya. Akakubali haraka mno. Nilidhani ni furaha, na tukaanza pale pale, kwa miguu mpaka kwangu Kikwajuni.

Jang'ombe, kwa Shangazi

Katika ukoo wetu safari yoyote huanzia kwa Shangazi Rukia, Jang'ombe. Ukimpita bila ya kumuaga, utasikia habari yake mpaka Idi. Shangazi mwenyewe ana kisukari cha miaka mingi, na vidonge vyake hukaa kwenye kopo juu ya kabati la vyombo, mbele ya macho ya kila mgeni.

Nilishamwambia kwenye simu asipike sana. Tulikuta pilau, samaki wa kupaka, mkate wa mayai, na jagi la juisi ya ukwaju.

"Shangazi, tulikubaliana vipi?"

"Mtoto katoka chini ya bahari nimpe mchunga, majani machungu? Mcheni Mungu jamani." Akamgeukia Seif. "Kula baba. Huyu dadako hata maiti atampima sukari."

Seif alicheka, akala kidogo. Chai ilipokuja nilimzuia Shangazi asimimine sukari, kisha nikamzuia Seif pia, maana yeye alitaka kuiacha kabisa, papo hapo.

"Usikatishe ghafla," nikamwambia. "Mtu akikatisha ghafla hurudi kwa kishindo. Leo vijiko viwili, keshokutwa kimoja, kisha nusu. Punguza polepole."

Hayo huwaambia wagonjwa wote. Nakumbuka alinitazama kama mtu aliyeambiwa asubiri na hana muda wa kusubiri.

Baada ya chakula Shangazi alimpa Seif chumba cha mbele chenye madirisha mawili na upepo. Nilipokwenda kumwamsha sikumkuta. Kitanda hakikuguswa. Tulimtafuta uani, tukamtafuta nje. Mwisho nikasikia mvumo. Ulikuwa unatoka stoo, mlango umefungwa. Alikuwa amelala chini ya rafu ya magunia ya mchele, amejinyoosha kama ubao, mikono kifuani, ili atoshee.

Aliamka akatoka mpaka uani. Mbingu ilikuwa nyekundu upande mmoja. Akaitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na mbili.

"Sasa hivi ni asubuhi au jioni?" akaniuliza.

Kabla sijamjibu msikiti wa jirani uliadhini. Akainua kidole ninyamaze. Alisikiliza mpaka mwisho, akingojea kama muadhini atasema kuwa swala ni bora kuliko usingizi, maneno yasemwayo alfajiri peke yake. Hayakusemwa.

"Magharibi," akasema, na akashusha pumzi.

Shangazi alinivuta kando. "Huyu mtoto si mzima, Salma. Na sisemi habari ya sukari."

Barabara ya Tunguu

Asubuhi nilimpima, namba ikawa ile ile ya daktari wake. Tukaanza. Mpaka Mwanakwerekwe hakuna aliyetushangaa. Baada ya hapo, nyumba zilipoachana, kila gari ilisimama. Watu wa kisiwa hiki hawawezi kumwona mtu anatembea juani na mfuko mgongoni wakampita. Niliwashukuru mpaka sauti ikanikauka.

Mbele kidogo ya Tunguu tulikutana na mzee na gari yake ya ng'ombe, imejaa kuni, anaelekea kusini kama sisi. Jina lake Mzee Makame.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari imekuharibikieni?"

"Hatuna gari."

"Basi pandeni juu ya kuni."

"Ahsante, hatupandi."

Mzee alituangalia mmoja mmoja. "Mmekatazwa?"

"Mimi nimekatazwa," Seif akajibu, kwa Kiswahili chake cha utotoni. Alikusudia kwamba mimi ndiye niliyemkataza.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Muyuni."

"Na chakula?"

"Nakula kidogo tu. Kuna vitu siruhusiwi."

Mzee Makame akatikisa kichwa, uso wake umelainika. "Nshafahamu, mwanangu. Mungu akukubalie."

Sikuyatilia maanani maneno yale. Ilinichukua mpaka Muyuni kufahamu kwamba alidhani Seif ameweka nadhiri. Mgonjwa anayetembea kwa miguu, hapandi chombo, amejinyima chakula: kwa mzee yule hakukuwa na maelezo mengine.

Lakini kulikuwa na jambo jengine. Mzee alipotaka kuondoka, ng'ombe hakutaka kumpita Seif. Alisimama, masikio yamesimama, miguu inatetemeka. Mzee alimpigia mluzi, akamsukuma, wapi. Seif alikuwa akivuma. Nikamgusa bega, akanyamaza, na ng'ombe akaenda kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mzee Makame hakugeuka nyuma. Ila habari zetu alizichukua, na gari yake ilikuwa inatutangulia.

Kutoka hapo watu walibadilika. Hapana tena aliyetuambia tupande. Kina mama walitoka na maji ya kunywa wakamwambia Seif, "Utuombee na sisi." Mmoja alimpa dafu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wake, akafumba macho. Seif alistaajabu. Mimi niliona ni ukarimu wa watu wa shamba.

Tulilala Bungi kwa watu wa jirani yangu. Asubuhi namba ilikuwa imeshuka. Nikafurahi, nikampigia makofi kabisa. Wakati ule ule Shangazi akapiga simu.

"Salma, hukuona vidonge vyangu? Kopo limebaki jepesi."

"Umevimeza ukasahau, Shangazi. Lakini usikae hivyo hivyo, nenda kituoni ukachukue vyengine."

"Mimi nisahau! Haya."

Nilikata simu nikicheka. Seif alikuwa amekaa karibu, anafunga kamba za viatu. Hakucheka.

Chini ya miti ya Jozani

Siku ya tatu namba ilishuka tena, zaidi ya nilivyotarajia. Kutembea kunasaidia, sikukuelezeni uongo, lakini si kwa haraka namna ile. Nililiona hilo na nikaliwacha, kwa sababu mtu akipata anachokiombea huwa hakichunguzi.

Barabara inapoingia Jozani miti hukutana juu na jua hukatika. Hapo ndipo Seif alipovua miwani. Alitembea upesi, mabega yamelegea, akaanza hata kunihadithia utani wa mabaharia wenzake. Kima punju walikuwa wengi juu ya matawi, wale wenye mgongo mwekundu. Kwa kawaida huruka na kupiga kelele. Siku ile walikaa, nyuso zao nyeusi zikitufuata kutoka mti mpaka mti, bila ya sauti.

Nyenje ndio waliokuwa wakilia, msitu mzima. Na sikulizua jambo hili: sauti yao na mvumo wa Seif zilikuwa moja. Sikuweza tena kuzitenganisha, nikawa sijui ipi inatoka mtini na ipi inatoka kwake.

Kisha nyenje wote wakanyamaza kwa pamoja.

Seif alinikamata mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Alisimama, shingo imekaza, anasikiliza. Jasho lilimtoka kama amemwagiwa maji.

"Nini? Seif, nini?"

"Umekatika."

"Nini kilichokatika?"

"Mvumo." Alipotulia akanieleza. Chomboni mitambo huvuma mchana na usiku, na baada ya siku chache husikii tena, unakuwa sehemu ya ukimya. Lakini ukikatika, kila mtu huamka, hata aliyekuwa hoi kwa usingizi, kwa sababu ukikatika maana yake kuna kitu kimekufa na mko chini. "Nafikiri ndiyo maana navuma," akasema. "Mtu lazima auendeleze."

Nilimpa maji. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na niliiona, na nikaiita hofu. Mwili una lugha chache. Jasho la hofu na jasho la sukari iliyoshuka kupita kiasi hutoka kwa mlango mmoja.

Muyuni

Bi Mize alikuwa ametoka pwani kwenye mwani wake, kanga imelowa mpaka magotini. Alipomwona Seif alimshika uso kwa mikono yote miwili.

"Huyu ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni? Mbona umepauka, mwanangu? Wamekuhifadhi kwenye chumvi?"

Seif alicheka, na kwa mara ya kwanza nilimwona tena yule mtoto wetu. Jirani wawili watatu walisimama mlangoni wakituangalia kwa heshima iliyopita kiasi. Ndipo Bi Mize aliposema, "Na msiwe na wasiwasi. Makame keshanambia njiani. Nimeshakutayarishieni kila kitu. Sinia nimelipeleka tangu asubuhi."

"Sinia gani, Bi Mize?"

"La nadhiri yenu. Halua, tende, asali, mayai, na ubani. Nimelitia pangoni, nshampa mwenyewe."

Mwenyewe, kwa watu wa pale, ni yule wa pangoni. Hawamtaji zaidi ya hapo. Nilimweleza kwamba hatukuweka nadhiri yoyote, ni sukari tu, ni matembezi ya afya. Alinisikiliza kwa upole wote.

"Haya mwanangu," akasema. "Basi ni sukari. Lakini sinia lishapelekwa."

Alitupakulia wali na mchuzi wa pweza. Seif alikataa. Alisema kesho anataka namba nzuri zaidi. Nilimwambia kupima kabla ya kula si kukaa na njaa tangu jana yake, ale. Akala matonge mawili. Mchana ule, jua likiwa kali, sote tulijilaza. Nilipoinuka mkeka wake ulikuwa mtupu.

Nilitazama stoo. Nilitazama chini ya kitanda. Bi Mize akanitazama, akachukua kanga yake nyengine.

"Kwenye kiza," akasema. "Si ndivyo ulivyonambia? Hulala penye kiza."

Pangoni

Njia ya pangoni ni ya maweni, mawe makali yenye matundu kama mfupa, vichaka vifupi, na jua linalopiga mpaka linalia masikioni. Hapana mti wa kukuonesha pango lilipo. Unakwenda tu na ardhi inafunguka mbele ya miguu yako.

Sikuhitaji kuoneshwa. Niliusikia mvumo kabla sijafika. Ulikuwa unatoka chini ya ardhi, unapanda kwenye matundu ya mawe pande zote, hata nilihisi natembea juu ya paa la kitu kinachopumua.

Kisha ukakatika.

Nilikimbia. Mimi na Bi Mize tuliteremka kwenye mawe, baridi ikatupokea. Mwangaza uliingia kwenye kitundu kimoja tu juu, kama mlango mdogo. Chini yake palikuwa na maji yaliyotulia, na pembeni yake Seif, amekaa, mgongo kwenye jiwe. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuniona. Alikuwa amelowa jasho, baridi kama samaki. Akasema kitu kwa lugha ya kule. Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya kitoto: "Maji yanaingia. Fungeni mlango."

"Seif, ni mimi Salma."

"Fungeni. Mko wangapi nje?"

Bi Mize alirudi hatua moja nyuma. "Ana wa baharini huyu. Amekuja naye kutoka huko. Usimguse, nikamwite mganga."

Labda. Sisemi hapana. Lakini mashine yangu ya kupimia sukari ilikuwa kiunoni na kidole chake kilikuwa mkononi mwangu. Nilimchoma. Namba iliyotoka sijawahi kuipenda kwa mtu yeyote. Ilikuwa chini, chini sana, chini ambako mtu huanza kupotea. Na pale pale lile kopo jepesi la Shangazi lilinijia mbele ya macho. Mfuko wa shati yake ulikuwa na vidonge vilivyobaki. Ni vidonge vinavyoisukuma kongosho imwage insulini, kuwe na chakula au kusiwe. Alikuwa anawamwaga makarani gatini, na gatini hapakuwa na magunia.

Alihitaji sukari, na alihitaji sasa. Mimi niliyewakatalia watu sukari njia nzima sikuwa hata na pipi moja. Mfuko wangu wenye glukosi ulikuwa nyumbani kwa Bi Mize, huko ng'ambo ya mawe.

Sinia lilikuwa hatua chache, juu ya jiwe, moshi wa ubani ushazimika. Nilichukua bakuli ya asali.

"Salma!" Sikupata kusikia sauti ile kwa Bi Mize, si kabla wala baada. "Si chetu hicho. Nshampa mwenyewe."

"Bi Mize, atakufa."

Hakuna aliyemfundisha Bi Mize kuogopa kitu kile jana; ni hofu ya mama yake na bibi yake. Nilishika bakuli, nikamngoja. Sijui kwa nini nilimngoja, lakini sikuweza kuchovya kidole mpaka aseme. Akamtazama Seif, mtoto aliyembeba. Kisha akageukia kiza, upande ambao mwangaza hauufikii, akasema kwa adabu, kama mtu anayegonga kwa jirani:

"Tunaazima. Ya mtoto tu. Itarudi."

Akanifanyia ishara.

Mnaofanya kazi nami mnajua: asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni. Nilimgusa ulimi, nikamwona anameza mate. Nikampaka asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, nikimsemesha. Kisha tende niliyoiponda. Kisha halua. Bi Mize alimshika kichwa, anasoma chini chini. Hapakuwa na sauti nyengine. Ule ukimya ulikuwa umetujaa masikioni, na kila mara nilijikuta nasikiliza upande wa kiza, kama anayengoja kukatazwa.

Macho ya Seif yalirudi pole pole, kama mtu anayepanda ngazi.

"Da Salma," akasema. "Mbona mnalia?"

Vidonge vile havishi mwilini upesi, na sukari inaweza kuanguka tena. Kwa hivyo hatukukaa. Aliyetutoa pale ni Mzee Makame, aliyekuwa anarudi na kuni zake, na safari hii ng'ombe hakukataa. Tulimpeleka Seif hospitali, Makunduchi, wakamlaza na kumpima mpaka hatari ikapita. Juu ya zile kuni ndipo aliponiambia yote, kichwa kwenye mapaja yangu.

"Nilitaka namba tu. Nikipata namba wangenirudisha."

"Namba si mwili, Seif."

"Mwili wangu uko kule, dada. Huu uliokuja huku sijui ni wa nani."

Deni la asali

Seif alipopata nguvu, Bi Mize alituambia kilichoazimwa kirudishwe. Vitu vile vile, na apeleke aliyekula, peke yake. Niliogopa, lakini ahadi ilikuwa imetolewa mbele yangu.

Nilikuwa nimempima, ameshiba, jua la asubuhi. Alichukua sinia akashuka. Mimi na Bi Mize tulibaki juu, kwenye mawe. Baada ya kitambo mvumo ukaanza, chini ya miguu yetu, sauti ile ile. Nikahesabu pumzi zangu. Ukaendelea.

Seif akatoka. Alipanda jiwe la mwisho, akasimama juani bila ya miwani, akifinya macho. Mdomo wake ulikuwa wazi, anahema. Hakuwa akivuma.

Chini bado kulikuwa kunavuma.

Nilimwangalia Bi Mize. Yeye alikuwa akipangusa vumbi kwenye kanga yake.

"Amekiwacha alichokuja nacho," akasema. "Haya, twendeni nikakupikieni."

Pango lile lina maji, na maji ya huko yana njia za chini kwa chini mpaka baharini. Yakijaa na kupwa husukuma hewa kwenye matundu. Hayo ndiyo maelezo yangu, na nadhani ni ya kweli. Tulikwenda mbali sana kabla ya sauti ile kutuwacha.

Kikwajuni

Tulirudi kwa gari, na sikuona haya. Shangazi alimpiga Seif kofi moja la mgongo, kisha akalia, kisha akapika. Kopo lake sasa limo ndani ya kabati, na ufunguo anao yeye. Nawaombeni na nyinyi mfanye hivyo. Dawa ya jirani ni sumu yako.

Seif alimpigia simu daktari wa chombo chake akamweleza kila kitu: vidonge, pango, namba ya kweli. Wamemwambia hazami kwa sasa. Hawakumwambia kama atazama tena. Alipokata simu nilidhani atalia, lakini aliuliza tu kama kuna mchunga. Anaishi chumba changu cha juu. Mwanzo alitia kanga kwenye madirisha yote. Wiki hii amefungua moja. Kila asubuhi anatembea mpaka Malindi na kurudi, na sukari yake inashuka kwa mwendo ule niliotaka, wa pole. Bado iko mlangoni, lakini imegeuza uso. Tangu Muyuni hajavuma hata siku moja.

Juzi alasiri nilikuwa jikoni peke yangu, nachagua mchele. Nikasikia miguu inashuka ngazi mbio. Seif akasimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Nani anavuma?"

Niliangalia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Nikahisi koo langu, na kifua, na midomo yangu iliyofumbwa. Ilikuwa ni mimi.

Nilitaka kunyamaza papo hapo. Akainua kiganja kunizuia.

"Usikatishe ghafla, dada," akasema. "Punguza polepole."